Kiwavi wa Shangazi na Ile Asilimia Mbili Yetu

Watu wangu wa nyumbani, hamjambo? Leo siongei nanyi kutoka Luton, Uingereza. Niko Uthiru, Nairobi, kwa shangazi yangu, mvua imetoka kunyesha sasa hivi, na hizi gambuti mnazoziona ni zake. Nilikuwa nimepanga kuwarekodia video ya bei ya ploti. Hiyo itangoja, kuna jambo limenikaa kooni tangu asubuhi: pesa za utafiti wa kilimo.

Ngoja nisogeze kamera. Mnauona huu mhindi? Umefika kiunoni. Tazameni hapa katikati yanapochipukia majani machanga: yametobolewa matundu, na hivi vitu vinavyofanana na unga wa mbao ni kinyesi. Shangazi, tupasulie hilo jani. Huyo! Kiwavijeshi vamizi. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na huku nyuma vidoa vinne vilivyokaa mraba. Alionekana Kenya mwaka 2017 na mpaka leo hajatoka. Msimu huu shangazi amenunua dawa mara mbili kwa agroveti, bila mafanikio. Sasa anachota jivu jikoni na kulimimina kwenye moyo wa kila mhindi, mmoja mmoja, robo ekari nzima. Ana miaka 68.

Kilichoniuma ni hiki. Hapa tulipo, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ni jirani yetu kabisa. Ukishuka Waiyaki Way kuna maabara za kilimo za Kabete, na makao makuu ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, yako Loresho. Kule Kasarani kuna icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, iliyoanzishwa na Mkenya mwenzetu, Profesa Thomas Odhiambo, mwaka 1970. Watafiti wa icipe ndio waliotuletea kilimo cha sukuma-vuta: unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo anayetaka kutaga, nepia inamvuta pembeni, na mizizi ya desmodiamu inadhibiti kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi. Halafu yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Mbinu hii ilianza kwa ajili ya viwavi wanaotoboa mashina, na baadaye ikaonekana inampunguza hata huyu kiwavijeshi. Shangazi anaishi jiji moja na watu hawa na leo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia neno desmodiamu, kutoka kwangu, ninayeishi Uingereza!

Na walioshirikiana na icipe katika kazi hiyo ni watafiti wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho Harpenden, dakika chache kwa treni kutoka ninapokaa. Nimesimama kando ya shamba lao linaloitwa Broadbalk. Kwa macho ni ngano tu, imekatwa vipande virefu kama kanga zilizoanikwa, kipande hiki kijani kibichi, jirani yake kimefifia. Lakini ngano hiyo imepandwa hapo kila mwaka tangu 1843. Kuna kipande kinachotiwa samadi, vingine mbolea za aina mbalimbali, na kimoja hakijawahi kutiwa mbolea wala samadi muda wote huo, ili ijulikane udongo unachoka vipi. Kituoni hapo zimehifadhiwa sampuli zaidi ya 300,000, za udongo, nafaka na mimea. Siku hiyo nilifikiria udongo wa shangazi, ambao hakuna aliyewahi kuupima hata mara moja.

Serikali ya kule haingoji njaa ndipo itafute mtafiti. Mwaka 2021 ilianzisha mpango wa ubunifu katika kilimo kwa wakulima wa England, ikautengea pauni milioni 270. Fungu lake moja, ADOPT, lilifunguliwa mwaka 2025, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi: mkulima mwenyewe ndiye anayeongoza jaribio, katika shamba lake, kwa swali lake, na anasaidiwa kupata mtaalamu wa kumshika mkono. Sisemi huko ni peponi. Mwishoni mwa 2024 wakulima walijaa London wakipinga kodi ya urithi. Ila pesa ya utafiti ina mlango unaojulikana, na mkulima anaweza kuubisha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi hatukukosa sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Mwaka 2023 pato letu lilipita shilingi trilioni 15. Piga hesabu: ni kama bilioni 300. Hatujawahi hata kukaribia hapo. Kwa hiyo utafiti wetu mwingi unategemea wafadhili, na mnakumbuka Marekani ilipovunja USAID, shirika lake la misaada, mwaka 2025, miradi mingapi ya kilimo ilisimama katikati. Binamu yangu alikuwa anafanya majaribio ya kunde chuoni. Msimu wa kwanza ulienda vizuri. Wa pili pesa zilichelewa hadi mvua ikapita, na kunde hazijui barua ya kuomba radhi. Data ya msimu mmoja haimpi mtu mbegu.

Na tunaweza, tumeshafanya. Kazi ya kuzalisha mahindi Kitale ilianza mwaka 1955, na 1964 ikatoa mbegu chotara, haibridi 611. Karibu miaka kumi ya kuvumilia, na pesa zikiendelea kuja.

Tuko mwezi wa tano. Katiba, kifungu cha 221, inaitaka kamati ya bajeti ya Bunge isikilize maoni ya wananchi kabla ya bajeti kupita. Tangazo la vikao likitoka nitaliweka hapa siku hiyo hiyo. Nenda, au andika barua, hata ya Kiswahili, na uulize jambo moja: ile asilimia 2 iko wapi? Taja mazao yako na mdudu wako.

Shangazi ameshaamua kwenda. Anasema ataung'oa mhindi mmoja na mizizi yake, aufunge kwenye gunia na kiwavi wake ndani, apande nao matatu hadi mjini.