Maseneta 20 Waliotoka Pamoja: Uchaguzi wa Bunge la Nebraska wa 2006

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko huu.

Matokeo ya uchaguzi wa bunge huwa tunayasoma kwa majina ya walioingia. Leo naomba tuutazame uchaguzi mmoja kwa majina ya waliotoka. Ni uchaguzi wa Novemba 2006 katika jimbo la Nebraska, Marekani, ambako maseneta 20 kati ya 49 (ndivyo wanavyoitwa wajumbe wa bunge la jimbo hilo) walikuwa wamefikia ukomo wa mihula, na kwa hiyo hawakuruhusiwa hata kuomba kura za watu waliokuwa wakiwawakilisha. Tangu bunge hilo lianze kukutana kwa mfumo wake wa sasa mwaka 1937, katiba ya jimbo haikuwa imewahi kuwafungia mlango wajumbe wengi namna hiyo kwa siku moja.

Ili tuuone uzito wa jambo hili, lazima kwanza tulifahamu bunge lenyewe, maana halifanani na jingine lolote katika majimbo 50 ya Marekani. Mwaka 1934 wapiga kura wa Nebraska, wakiongozwa na George Norris, seneta wao katika Bunge la Marekani, waliamua kuwa na chumba kimoja tu cha bunge, yaani baraza moja la wajumbe badala ya mawili, na wagombea wake wasiandikwe kwa vyama kwenye karatasi ya kura. Katika uchaguzi wa mchujo wa mwezi Mei, wawili wanaoongoza kwa kura ndio wanaokutana Novemba, hata kama wote wawili ni wa chama kimoja. Ndani ya ukumbi hakuna kiongozi rasmi wa walio wengi wala mnadhimu wa chama, na spika pamoja na wenyeviti wa kamati huchaguliwa na maseneta wote kwa kura ya siri. Kila muswada husikilizwa hadharani mbele ya kamati, na mwananchi yeyote anaweza kuketi kwenye kiti cha shahidi akasema lililo moyoni mwake.

Mimi naupenda mfumo huo na sioni sababu ya kuficha. Lakini una udhaifu ambao haukuonekana mpaka mwaka 2006. Katika majimbo mengine mjumbe akiondoka, chama kinabaki na watumishi wake na kumbukumbu zake, na chumba cha pili kinabaki na wazee wake. Nebraska haikuwa na nguzo hizo ndani ya bunge. Ujuzi wa namna bajeti inavyopangwa, wa sababu iliyofanya sheria fulani ya maji au ya fedha za shule iandikwe vile ilivyoandikwa, ulikuwa umo vichwani mwa watu, na watu hao ndio walioambiwa waondoke.

Ukomo wenyewe ulitokana na wimbi lililoanza mwaka 1990, California, Colorado na Oklahoma zilipotangulia kuweka kikomo kwa wabunge wao. Wapiga kura wa Nebraska waliikubali rai hiyo mara kadhaa katika miaka ya 1990, na kila mara mahakama ikaibatilisha, mpaka mwaka 2000 ilipoingia katika katiba ya jimbo na kudumu. Masharti yake ni mihula miwili mfululizo ya miaka minne minne, kisha mtu akae nje miaka minne kabla ya kuruhusiwa kugombea tena.

Wengi huko waliamini kwamba mlengwa hasa alikuwa mtu mmoja, Ernie Chambers, seneta Mweusi wa kaskazini mwa Omaha, kinyozi kwa kazi yake ya awali, aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 1970. Chambers alizijua kanuni za bunge kuliko waliozitunga. Angeweza kuleta marekebisho juu ya marekebisho na kushikilia mjadala saa nyingi, na aliyetaka kumnyamazisha alipaswa kupata kura 33 za kufunga mjadala. Aliwakera wengi, lakini wananchi wa wilaya yake ya uchaguzi walimrudisha kila walipoulizwa. Aliondoka Januari 2009 baada ya miaka 38, kwa kura zilizopigwa na jimbo zima na si kwa uamuzi wa wale waliomtuma. Hapo ndipo dhamiri yangu inapokataa kuafikiana na sheria hii.

Turudi kwenye kundi la 2006. Alitoka Spika Kermit Brashear. Alitoka David Landis wa Lincoln, aliyekuwamo tangu 1979. Alitoka Chris Beutler, ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa meya wa Lincoln, hivyo uzoefu wake haukupotea wote, ila ulihama jengo. Januari 2007 maseneta waliokutana walimchagua Mike Flood wa mji wa Norfolk kuwa spika. Alikuwa na umri wa miaka 31, na alikuwa amekaa bungeni miaka miwili tu. Simlaumu hata kidogo. Aliifanya kazi hiyo miaka sita, na wenzake walimwamini. Lakini hebu tulitafakari: mtu aliyehitimisha nusu ya muhula wake wa kwanza anapanga ratiba ya bunge zima, na karibu nusu ya wanaomsikiliza ndio kwanza wanauliza kamati zao zinakutana chumba gani.

Wageni hao walikuwa wakiwauliza nani? Baadhi ya majibu yalikuwa mema. Karani wa Bunge, Patrick O'Donnell, alishika kazi hiyo kuanzia 1978 hadi alipostaafu 2022, na wanasheria wa kamati walikuwapo. Lakini walikuwapo pia washawishi wanaolipwa na makampuni na vyama vya wafanyabiashara, ambao hawana ukomo wa mihula, na walikuwapo maofisa wa gavana. Wote hawa hawakupigiwa kura na mtu yeyote kuingia bungeni. Tunapomwondoa mwakilishi kwa sababu ya kukaa muda mrefu, muda mrefu huo hauondoki. Unabaki mikononi mwa asiyewajibika kwetu.

Wanaoutetea ukomo wana hoja nzito na inafaa isikilizwe kwa heshima. Kabla yake, aliyekuwa kitini aliwatisha wapinzani kwa jina lake tu, na kuna wilaya ambazo raia mwenye uwezo alisubiri miaka 20 bila kupata nafasi. Kiti kilichoachwa wazi huleta ushindani wa kweli. Kutokana na nafasi hizo walipatikana watu wengi wapya ambao jimbo lisingewajua.

Hata hivyo, Chambers mwenyewe alitupa ushahidi wa thamani ya mkongwe. Alikaa nje miaka minne, akagombea tena 2012 na kushinda. Mei 2015 bunge lilifuta adhabu ya kifo, jambo alilolipigania kwa miongo kadhaa, na likaishinda kura ya turufu ya gavana kwa kura 30 dhidi ya 19, yaani bila hata kura moja ya akiba. Mwaka uliofuata wapiga kura waliirudisha adhabu hiyo, na hiyo ni haki yao.

Marekebisho ninayoyaunga mkono ni madogo: muhula wa tatu, na mshahara unaomwezesha mtu wa kawaida kuimaliza mihula hiyo. Seneta wa Nebraska hulipwa dola 12,000 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa na katiba mwaka 1988. Mambo yote mawili yaliwekwa mbele ya wapiga kura Novemba 2012, kila moja kwa swali lake, na yote mawili yalikataliwa.