Kufungwa Si Neno Moja: Mhadhara kwa Wafasiri na Wakalimani wa Mahakama

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi vijana mnaojifunza kazi ya tafsiri na ukalimani: walionisikia mwaka jana na mwaka juzi watanivumilia, maana narudi palepale, na ninarudi kwa sababu kosa nalo limerudi palepale. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu hapa Tanzania, majalada yanayotafsiriwa kutoka Kiingereza yamekuwa mengi, na ndani yake kila mtu aliyeguswa na mkono wa dola, katika hatua yoyote ile, huandikwa kwamba "alifungwa".

Nianze na mkasa wangu ule ule. Miaka mingi iliyopita niliombwa kupitia tafsiri ya amri ya talaka iliyofanywa na kijana mmoja mwenye kamusi nzuri na haraka nyingi. Kiingereza chake kilikuwa kile cha kawaida cha wanasheria: mama apewe "custody" ya "issues" wawili wa ndoa, yaani malezi ya watoto wawili. Kijana alijua kwamba "custody" ndiko anakowekwa mtu aliyekamatwa, tena alijua kwamba "issues" ni masuala, kwa hiyo akapiga chapa, bila kosa hata moja la tahajia, kwamba mama atayaweka kizuizini masuala mawili ya ndoa. Mama mwenyewe alinijia na karatasi ile ameikunja ndani ya pindo la khanga, akaifungua taratibu, akaweka kidole kwenye mstari, akaniuliza: "Mwalimu, haya masuala mawili ndiyo nini, na hicho kizuizini nitakijenga wapi?" Mmecheka, na kila mwaka watu hucheka hapa. Yeye hakucheka, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa amekwenda shuleni kumchukua mwanawe, mwalimu mkuu akaisoma karatasi mara mbili, akamrudishia, akamwambia aje na barua inayoeleweka.

Sasa tulitazame neno lenyewe. "Custody" limetoka katika Kilatini, na asili yake ni ulinzi. Mlinzi humlinda mtu asidhurike, au humlinda asitoroke, na Kiingereza kimeziweka kazi hizo mbili ndani ya neno moja, ndiyo maana mtoto huwa katika "custody" ya mama yake na mtuhumiwa huwa katika "custody" ya polisi, wala Mwingereza hababaiki. Kiswahili kimezitenganisha: mtoto yuko katika malezi ya mama, mtuhumiwa yuko chini ya ulinzi. Askari wetu anapomwambia mtu "uko chini ya ulinzi", anaitafsiri ile maana ya Kilatini kwa usahihi kumshinda mwenye kamusi, na huenda Kilatini hajawahi kukisikia.

Najua kuna atakayesema: Mzee, unatuchosha, mtu akiwa ndani yuko ndani, na mwananchi anaelewa. Naam, barazani sema utakavyo. Sema yuko lupango, sema ananyea debe, sitakusahihisha. Waingereza nao husema mtu yuko "clink", na hilo lilikuwa jina la gereza moja la Southwark, lililokuwa mali ya Askofu wa Winchester, likachomwa moto katika ghasia za mwaka 1780. Gereza lilikwisha na jina likabaki vinywani. Mahakamani, hata hivyo, kila neno ni hatua. "Arrest" asili yake ni kusimamishwa, na ndiyo maana hata moyo ukisimama madaktari wao hutumia neno hilohilo. "Remand" ni kurudishwa: mtu amefikishwa mbele ya hakimu, shauri halijaiva, anarudishwa kusubiri. "Imprisonment" kama adhabu huja mwisho kabisa, baada ya hukumu. Yote hayo sisi tunayo: kukamatwa, kurudishwa rumande, kifungo. Hata wahusika wake tumewapa majina tofauti, kwa kuwa aliye rumande ni mahabusu na aliyehukumiwa ni mfungwa. Mfasiri anayemwita mahabusu mfungwa amekwisha kumhukumu kabla ya hakimu, ilhali ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa, na sikuona humo kwamba wafasiri wamesamehewa.

Kinachotuponza ni kitenzi chetu "kufunga", kwa kuwa ni kitenzi chepesi mno kutamka. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga Ramadhani, tunafunga ndoa, tunafunga goli, na mtu naye tunamfunga. Kifungo ni cha shati na ni cha gerezani, na ukikosea irabu moja ya mwisho kimekuwa kifungu cha sheria. Nimewahi kusoma hati inayosema mshtakiwa amevunja "kifungo cha 12", nikabaki najiuliza kama ametoroka au amepasua shati.

Chukueni habari ya Jomo Kenyatta, ambayo husimuliwa mara nyingi kana kwamba alifungwa mwaka 1952 akafunguliwa mwaka 1961, basi. Alikamatwa Oktoba 1952, hapo hajafungwa. Akashtakiwa Kapenguria, na Aprili 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Hapo ndipo alipokuwa mfungwa, akawekwa Lokitaung. Mwaka 1959 kifungo kikaisha. Je, alikwenda nyumbani? Alipelekwa Lodwar, kisha Maralal, na hakurejeshwa kwao Gatundu hadi Agosti 1961. Kiingereza cha serikali ya wakati ule hakikumwita tena mfungwa, kilisema yuko chini ya "restriction", yaani amewekewa mipaka ya mahali pa kukaa. Mfasiri akiandika "alifungwa" kwa miaka yote 9, amempa adhabu ambayo hakimu hakuitoa, na papo hapo ameificha hila ya serikali, ambayo ilimwacha mtu amalize kifungo chake kisha ikamzuia kwa jina jingine.

Maana hayo majina mengi ya Kiingereza si ya kutofautisha tu, mengine ni ya kufichia. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola huko Kenya, watu 11 walipigwa na walinzi hadi wakafa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikavihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Hao waliitwa "detainees", watu waliowekwa kizuizini kwa amri ya serikali. Ukiandika "wafungwa 11", umewabandika hatia ambayo hata mkoloni hakuithibitisha mahakamani. Waliokuwa kizuizini, basi. Ni maneno mawili badala ya moja, na wino haujapanda bei kiasi hicho.

Vifaa navipitia mbiombio. "Fetters" ni za miguuni, na asili ya neno ni mguu wenyewe. "Manacles" ni za mikononi, kutoka Kilatini cha mkono. Pingu zetu zamani zilishika kote kuwili, na anayebisha afungue Marko sura ya 5 katika Biblia ya Kiswahili, kwa yule mtu wa makaburini. Leo msikilizaji akisikia pingu anawaza viwiko vya mikono, kwa hiyo andikeni "pingu za miguuni" inapotakiwa. "Stocks" ni mkatale, na lipo katika Matendo sura ya 16. "Pillory", ile mbao ya kubana shingo na mikono mbele ya watu, ambayo Uingereza iliifuta mwaka 1837, msiiite mkatale kwa kuwa mkatale ni wa miguu. Ielezeni hivyo hivyo nilivyoieleza. Na wale wa sherehe wanaodhani "wedlock" ni kufuli la ndoa kama zilivyo pingu zetu za maisha, hakuna kufuli humo. Ni kiishio cha zamani kilichofanana tu na kufuli kwa sauti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikusudia kufika kwenye "dungeon", ambalo kwa Wafaransa lilianza likiwa mnara wa bwana mwenye ngome na kwa Waingereza likaishia shimoni, lakini tuliache. Karatasi mliyopewa ina amri mbili, moja ya jinai na moja ya talaka, na neno "custody" limo katika zote mbili. Mna dakika 20, na kamusi ziwe zimefunikwa.