Wanafunzi 24: Namna ya Kuzisoma Takwimu za Shule Ndogo ya Kijijini

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie matokeo ya masomo na muundo wa wanafunzi katika shule ndogo za sekondari za vijijini nchini Marekani. Sikuja na orodha ya shule zilizofaulu na zilizoshindwa, kwa sababu ninaamini kwamba orodha ya namna hiyo, inapozigusa shule ndogo, hupima udogo wa shule kuliko inavyopima kazi ya walimu wake. Tuchukue shule ya kubuni yenye wanafunzi 96, yaani 24 katika kila darasa, kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili.

Katika darasa la wanafunzi 24, kila mmoja hubeba zaidi ya pointi nne za asilimia. Wakihitimu 18, shule imepata asilimia 75. Wakihitimu 17, imeshuka hadi asilimia 71 hivi, na wapo watakaosema kwamba elimu imedorora. Hata kama ufundishaji haukubadilika hata chembe, na kila mtoto ana nafasi ileile ya asilimia 75 ya kuhitimu, bahati peke yake hulifanya tokeo la darasa hilo lipishane na asilimia hiyo kwa takriban pointi tisa, juu au chini, ilhali darasa la wanafunzi 400 hupishana nayo kwa pointi mbili tu. Kanuni ya jambo hili inajulikana tangu karne ya 18, kutokana na kazi za Abraham de Moivre, lakini ingali ikiwaponyoka wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakfu wa Bill Gates ulitoa fedha nyingi ili shule kubwa zigawanywe kuwa ndogo, na waliotetea mpango huo walitaja kwamba shule ndogo zilikuwa nyingi miongoni mwa shule bora. Mtakwimu Howard Wainer, alipochunguza matokeo ya Pennsylvania, alionyesha kwamba shule ndogo zilikuwa nyingi pia miongoni mwa zile zilizoshika mkia. Waliotazama juu ya orodha hawakutazama chini yake.

Sheria yenyewe inautambua udhaifu huu, ingawa kwa aibu kidogo. Sheria ya shirikisho ya elimu iliyotiwa saini Desemba 2015 inazitaka serikali za majimbo ziitambue kila shule ya sekondari ya umma ambayo theluthi moja au zaidi ya wanafunzi wake hawahitimu, ili iwekewe mpango wa kuiboresha. Kwa darasa la mwisho la shule yetu, lenye wanafunzi 24, theluthi hiyo ni wanafunzi wanane. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inaruhusu jimbo kuiachia wilaya ya elimu isitekeleze mpango huo pale ambapo shule ina wanafunzi wasiofika 100, na shule yetu yenye 96 imo ndani ya ruhusa hiyo.

Sasa tuje kwenye muundo wa wanafunzi, ambako ndiko makosa makubwa zaidi hufanyika. Tuseme mwaka wa kwanza darasa lina wanafunzi 20 waliokulia katika Kiingereza, wastani wao ukiwa alama 70, na wanne wanaojifunza lugha hiyo, wenye wastani wa 46. Wastani wa darasa zima ni 66. Baadaye familia za wafanyakazi wa mashambani zinahamia eneo hilo, na darasa jipya lina wanafunzi 14 wa kundi la kwanza, ambao wamepanda hadi 72, na 10 wa kundi la pili, ambao wamepanda hadi 50. Kila kundi limefanya vizuri zaidi, lakini wastani wa darasa umeshuka hadi chini kidogo ya 63. Mwalimu mkuu ataitwa kujieleza, naye anastahili pongezi.

Mtu atauliza kwa nini basi tusichapishe matokeo ya kila kundi peke yake. Tangu sheria iliyotiwa saini Januari 2002, matokeo hutakiwa kuonyeshwa kwa kuzingatia asili ya mwanafunzi, umaskini, ulemavu na umilisi wa Kiingereza. Lakini kila jimbo huweka idadi ya chini ambayo kundi lisipoifikia halionyeshwi, na ni lazima iwe hivyo, kwani kundi la watoto wanne kijijini si takwimu tena. Ni watoto ambao jirani yeyote anaweza kuwataja kwa majina. Kwa hiyo wale wanne wa mwaka wa kwanza hawaonekani popote isipokuwa ndani ya wastani.

Umaskini nao hupimwa kwa kipimo kilichochakaa. Kwa desturi huhesabiwa wanaostahili chakula cha shule bila malipo, ambao kipato cha nyumbani kwao hakizidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini, pamoja na wanaokipata kwa bei nafuu, hadi asilimia 185. Sheria ya mwaka 2010 iliziruhusu shule zilizo katika maeneo yenye umaskini mwingi kuwalisha wote bila fomu. Ni hatua njema kwa matumbo ya watoto, ila kwa mtafiti ni hasara, maana tarakimu hiyo haitofautishi tena mtoto na mtoto.

Kuunganisha madarasa ya miaka mitatu husaidia kiasi: wanafunzi wanakuwa 72, na tofauti ya bahati hupungua hadi pointi tano hivi. Hata hivyo, tuseme wanane kati ya wale 24 hawakuhitimu; ningependa kwanza tuulize habari zao. Katika hesabu inayotumika sasa, mwanafunzi aliyehamia shule nyingine huondolewa kwenye kundi lake pale tu uhamisho huo unapothibitishwa kwa maandishi. Familia ikiondoka baada ya mavuno bila karatasi kufika, mtoto huyo hubaki katika hesabu kama aliyeacha masomo, hata kama leo ameketi darasani katika jimbo jingine. Barua moja ikipatikana, 16 kati ya 24 wanakuwa 16 kati ya 23, yaani karibu asilimia 70, na shule imeiepuka ile theluthi ya wasiohitimu bila somo lolote kufundishwa upya.