Safari ya nyumbani imekufa kwa ugonjwa, bima italipa? Sikilizeni hii kabla hamjabuku

Haya jamani habari zenu, mambo vipi huko Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, wote mnaonitazama poleni na joto. Leo hatutembei popote, nimekaa tu hapa jikoni kwangu Milton Keynes na hili faili mnaloliona, kwasababu tangu niseme hatukuja nyumbani Tanzania Desemba inbox imejaa, nusu wananipa pole na nusu wanauliza swali moja tu, dada vipi hela ya tiketi mmerudishiwa? Jibu ni ndio, tumerudishiwa, sio yote lakini sehemu kubwa, na haikutoka shirika la ndege, imetoka bima ya safari. Na nataka niieleze vizuri maana nimeongea na watu wetu wengi hapa Uingereza, kuna ambao bima wanayo na hawajui kama inalipa ukighairi, na kuna waliodai wakanyimwa, na ukiwasikiliza waliofanyiwa hivyo sababu inajirudia ileile: ugonjwa haukuandikwa. Ama haukuandikwa siku ya kukata bima, ama daktari hakuuandika inavyotakiwa siku ya kughairi.

Kwa kifupi tu, mume wangu alianza na kikohozi, tukadhani mafua ya baridi, mara homa, mara hawezi kupanda ngazi bila kusimama, kumpeleka hospitali homa ya mapafu, akalazwa na oksijeni juu. Namshukuru Mungu sasa hivi mzima, anaenda kazini. Lakini daktari wa wodini alisema ndege asahau kwa sasa, na alinielezea kitu ambacho wengi hatukijui, kwamba ndani ya ndege hewa yake ni kama uko mlimani, mita 1,800 mpaka 2,400 hivi, yaani ni kama umekaa Njombe masaa yote hayo, mapafu mazima hayasikii ila mapafu yaliyojaa maji yanasikia. Kwahiyo hapo hakuna cha kusema tutajikaza, watoto watalia, bibi atalia, lakini mtu hapandi ndege.

Sasa njooni kwenye bima yenyewe.

Siku nilipobuku tiketi bima nilikata siku hiyohiyo, usiku uleule. Nasisitiza hili kwasababu wengi tunakata bima wiki ya safari au tuko njiani kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow, tunawaza kuumwa huko au begi kupotea basi. Lakini kinga ya kughairi inakulinda kabla hujaondoka, bima ya safari moja kawaida inaanza kukulinda upande huo tangu siku uliyolipia, kwahiyo ukiikata usiku wa kuondoka umejinyima miezi yote ya katikati. Na ile ya mwaka mzima angalieni sana tarehe ya kuanza, ukiiwekea ianze siku ya safari basi ukiumwa wiki moja kabla huna bima, ndo hivyo.

Alafu kuna maswali ya afya. Hapa ndo pana kazi. Unajaza onlaini wanakuuliza kila msafiri ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, amelazwa lini, anasubiri vipimo vyovyote? Mume wangu ana presha, anakunywa kidonge kila asubuhi miaka sasa, na akaniambia achana nayo hiyo, presha sio ugonjwa, ukiandika wataongeza hela. Nikaandika. Bei ikapanda kidogo, akanuna, yakaisha. Jamani, sisi ugonjwa tunauficha, najua, mtu ana sukari hata mdogo wake hajui, na mtu akiwa na HIV au aliwahi kuzidiwa na mawazo akapewa dawa ndo kabisa, anaona akiandika kwenye kompyuta ya wazungu dunia nzima itajua. Nawaelewa kabisa, nimetoka kwenye nyumba hizohizo. Ila ile fomu haisomwi na shangazi yako. Na siku ya kudai kampuni inaomba historia yako kwa GP, yule daktari wa mtaani uliyesajiliwa kwake, na yeye ataandika kila kitu na tarehe zake.

Kwetu ndo ilivyokuwa, homa ya mapafu haihusiani na kidonge cha presha kwa akili yangu mimi, lakini swali la kwanza walilouliza ni presha ilitajwa? Ilitajwa. Likaisha hapohapo. Ningefuata ya mzee sijui tungekuwa wapi na hizi karatasi.

Sheria ya hapa, ile ya 2012 ya bima za watu binafsi, inasema kazi yako ni kujibu maswali yao kwa uangalifu na ukweli. Ukidanganya makusudi wana haki ya kuufuta mkataba wote na wasikulipe kitu. Ukikosea kwa kutokuwa makini tu, wanatakiwa waangalie wangekufanyaje kama wangejua, kwa mfano kama ulilipa £60 na kwa ugonjwa wako ungetakiwa ulipe £120 basi wanaweza kukulipa nusu ya madai. Kwahiyo mtu akiambiwa tu hatulipi kwasababu hukutaja pumu, asikubali haraka, aulize, mnasema nilidanganya au mnasema sikuwa makini? Mbona ni vitu viwili tofauti. Na kama bei zinakutisha kwa ajili ya ugonjwa mkubwa, kuna huduma ya bure inaitwa MoneyHelper, wana orodha ya kampuni zinazokubali watu wenye magonjwa makubwa, wapigieni.

Haya, karatasi ya daktari. Hospitali walitupa barua ya kuruhusiwa, nzuri tu, inasema alilazwa, alitibiwa, apumzike. Kampuni yetu ya bima wakairudisha. Nilikasirika, mtu alikuwa na bomba la oksijeni puani nyinyi mnataka nini tena? Wanachotaka ni sentensi moja, kwamba huyu mgonjwa kwa sababu ya ugonjwa huu hafai kusafiri tarehe hizi. Kupumzika hakutoshi, mtu anaweza kupumzika Bagamoyo. Wana fomu yao wenyewe, unaipeleka kwa GP anaijaza, na hiyo sio huduma ya bure ya NHS, yaani matibabu ya serikali ya hapa, daktari ana haki ya kukutoza na hela hiyo kawaida bima hairudishi, na pia inaweza kukaa pale kwao muda mrefu kwahiyo uwe unapiga simu kwa upole kila baada ya siku chache. Na tarehe ya kumuona daktari iwe KABLA ya tarehe ya kughairi. Ukighairi Jumatatu kwasababu unajisikia vibaya alafu ukaenda kwa daktari Alhamisi umeshapona, atashindwa kuandika ulikuwa na hali gani Jumatatu, hakukuona.

Lakini pia msikae na tiketi mkiombea mgonjwa atapona mpaka ndege iondoke. Nyumbani tunasema tusubiri, Mungu mkubwa, na ni kweli, ila mikataba mingi imeandikwa ukishajua huwezi kwenda ughairi mara moja, na gharama zikiongezeka kwa kuchelewa kwako hiyo nyongeza hawalipi. Hoteli na makampuni ya tour wanakata zaidi kadiri siku inavyokaribia, ndo maana.

Hela yenyewe sasa. Wanalipa kile ambacho huwezi kukipata kwingine, kwahiyo kwanza unaenda kwa shirika la ndege unaomba waandike wanarudisha nini, hata kama ni sifuri waandike sifuri. Na kuna kodi ya abiria ya serikali ya hapa, Air Passenger Duty, usiposafiri shirika haliipeleki serikalini, kwahiyo omba urudishiwe, kuanzia Aprili 2025 ilikuwa £90 kwa mtu mzima wa ekonomi kwa umbali wa Tanzania, watoto chini ya miaka 16 wa ekonomi hawatozwi. Shirika linaweza kukata ada ya usumbufu hapo, lakini uliza, maana bima wenyewe wataitoa kwenye malipo yako iwe umeiomba au hujaiomba.

Alafu kuna ekses, ile hela ya mwanzo unayobeba mwenyewe. Tuseme ni £100, mnaona ndogo, lakini kwenye mikataba mingi ni kwa kila mtu, sisi tuko wanne hapo £400 imeondoka. Na angalieni kikomo, kuna bima za bei poa kikomo chake cha kughairi ni £500 kwa kichwa, na tiketi ya Desemba kuja Dar wote tunajua bei yake. Kwahiyo bima ya rahisi ile pengine imekulinda nusu safari.

Kilichonipa taabu kuliko vyote ni risiti za nyumbani, na hapa naongea na nyie mnaotupokea. Nyumba ya Kigamboni tulilipia kwa simu, gari la Noah la kutupeleka Tanga tulilipia kwa simu, na tulichonacho ni meseji ya muamala na voice note, sawa dada nimepata. Bima hawaelewi voice note. Mwenye nyumba namshukuru sana alitutolea risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na barua kwamba hela ya kubuku hairudi, hiyo ikalipwa. Ya Noah dereva hakuwa na karatasi yoyote na haikulipwa. Kwahiyo ndugu mkibuku kitu kwa ajili yetu ombeni risiti yenye jina letu, tarehe na kiasi, hata kama mwenye mali ni jirani, sio kwamba hatuwaamini. Mchango wa harusi ya mdogo wangu wala sikuuandika, ule haumo kwenye bima ya mtu yeyote.

Lingine linalowahusu nyie: bima nyingi zinalipa pia kama mgonjwa sio msafiri bali ni mzazi, mtoto au ndugu wa karibu, hata kama yuko Korogwe. Lakini someni nani wamemuandika kama ndugu wa karibu, binamu mara nyingi hayumo, na mama mdogo aliyekulea kama mama yako mzazi anaweza asiwemo, inauma lakini ndivyo. Na kama mzazi alikuwa anaumwa tayari na wewe unajua wakati unakata bima, hapo wengi wanakataa. Wakikubali wataomba barua ya hospitali yenye muhuri, jina la daktari, ugonjwa na tarehe. Akifariki wanataka cheti cha kifo cha RITA, ile ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo. Kwetu pwani mzee anafia nyumbani asubuhi alasiri ameshazikwa, hakuna anayewaza karatasi na wala sio wakati wake, ila siku zinazofuata mmoja wenu aende kwa mwenyekiti wa mtaa aanze kufuatilia cheti, kinahitajika kwa mirathi pia sio kwa sisi wa huku tu.

Kuna waliouliza kuhusu wazazi wanaokuja kututembelea. Bima hizi za hapa ni za wakazi wa hapa, safari ianzie hapa iishie hapa, mama akija kwa viza ya matembezi bima yake ikatwe huko aliko. Na wanaoenda Ujerumani, Ufaransa, ile bima ya viza ya Schengen inatakiwa iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000, hilo ndo sharti la ubalozi, kughairi safari sio sharti lao, kwahiyo usidhani unayo mpaka uione imeandikwa. Hata ile ya Zanzibar inayotakiwa kwa wageni tangu Oktoba 2024, dola 44 mtu mzima, ni ya ukishafika kisiwani, nimeulizwa sana na wenzangu wenye pasi za huku.

Wakikunyima, usilie ukaacha. Andika malalamiko rasmi kwa kampuni, neno malalamiko liwemo, wana wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Jibu likiwa baya au wiki zikipita kimya, unaenda Financial Ombudsman Service, hao ni wasuluhishi wa hapa wa migogoro ya wateja na kampuni za fedha na bima, ni bure kabisa, huhitaji wakili, na una miezi 6 tangu tarehe ya lile jibu la mwisho. Nyie wa Tanzania mnaye Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA ndo wasimamizi wa kampuni zote za bima, watumieni, wako kwa ajili yenu.

Kwenye maelezo chini ya video nitawaandikia ile sentensi ya daktari ilivyo kwenye fomu ya kwetu, bila majina, muone inavyosomeka. Wa Nairobi na Mombasa naomba mniambie hospitali zenu zinachukua muda gani kutoa ripoti ya daktari na wanatoza kiasi gani, kuna dada wa Leicester mama yake amelazwa huko sasa hivi na fomu yake ina tarehe ya mwisho, mwenye kujua amjibu leo.