Viazi vya Paris, Mtori wa Kibosho

Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wapishi wa nyumbani

Shikamooni wazee wangu. Vijana mliosimama mlangoni, karibuni ndani, viti vya mbele bado viko wazi.

Nilipoombwa kuja hapa niliambiwa, "Mwalimu, tufundishe kupika nyumbani vile vyakula vya mahoteli makubwa tunavyoviona kwenye simu." Nimekuja kwa ajili hiyo. Ila naomba tuanze na chakula kimoja tu, tukae nacho. Tukikimbilia vyakula kumi mtatoka hapa na picha kumi kichwani na hakuna hata kimoja mtakachoweza kukipika kesho.

Chakula chenyewe ni viazi vya kuponda. Ndiyo, viazi mviringo, vile vile vinavyopimwa kwa sado pale soko la Mbuyuni. Joël Robuchon, Mfaransa aliyezaliwa Poitiers mwaka 1945, baba yake fundi mwashi, alianza kushika mwiko akiwa mtoto wa seminari, akiwasaidia masista jikoni. Mwaka 1981 alifungua mgahawa Paris, na ilipofika 1984 ulikuwa na nyota 3 za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima ubora wa migahawa, na hilo ndilo daraja la juu kabisa. Alipika mengi ya gharama, lakini kilichomtangaza duniani ni viazi.

Vinavyohitajika ni vinne: viazi kilo 1, siagi robo kilo, maziwa na chumvi. Unachemsha viazi na maganda yake, ukianza na maji baridi yenye chumvi. Unavimenya vikiwa bado vya moto. Unavisaga kwa mashine ya mkono, unavirudisha motoni na kuvigeuza kwa mwiko mpaka mvuke upungue, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya kiazi yanachukua nafasi ya siagi. Kisha unatia siagi baridi, kipande baada ya kipande, huku unapiga kwa nguvu. Mwisho maziwa ya moto, kidogo kidogo, halafu unapitisha vyote kwenye chekecheo laini.

Mara ya kwanza nilitumia blenda. Haikupita dakika moja viazi vikawa gundi; nikiinua kijiko vinavutika kama ulimbo. Nimefundisha sayansi kimu miaka 28, nikajiuliza sababu, na sababu ipo. Kiazi kimejengwa kwa seli, yaani vifuko vidogo sana vilivyojaa wanga. Ukikiponda taratibu kikiwa cha moto, vifuko vinaachana vikiwa vizima. Kisu cha blenda kinavipasua, wanga unamwagika na kushikana na maji. Ni gundi ile ile tuliyokuwa tukiipika kwa unga ili kubandika karatasi shuleni. Ikishafika hapo hata uongeze siagi kilo nzima, hairudi.

Mara ya pili niliweka majarini badala ya siagi ya maziwa. Ilibaki utando mdomoni, sikuipenda. Mara ya tatu nilichagua viazi vidogo vya ukubwa mmoja, nikanunua siagi yenyewe, na kwa kuwa sina mashine ya mkono wala chekecheo la kizungu, nikavipitisha kwenye chujio la waya kwa mgongo wa upawa. Kilo moja ilinichukua dakika 50, na bega liliniuma mpaka kesho yake. Mume wangu alionja kijiko kimoja, akanyamaza, kisha akauliza nimeweka krimu kiasi gani. Sikuwa nimeweka hata tone.

Sasa sikilizeni jambo hili. Maelezo niliyofuata yalisema viazi vichemke dakika 25 hadi 30. Kwangu Kibosho, huko juu mteremkoni mwa Kilimanjaro, dakika 30 viazi bado vina kiini kigumu. Nililaumu mbegu, nikalaumu jiko. Kumbe ni mlima. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi hupungua kama nyuzi 1. Hapa mjini, mita mia nane na kitu, yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Arusha mjini, karibu mita 1,400, ni nyuzi 95 tu. Sufuria inatokota mbele ya macho yako, lakini joto lake si la Paris. Mimi naacha dakika 40, ndipo nachoma kwa kisu.

Mpishi wa Paris hakuandika hilo kwa sababu halimhusu. Na hicho ndicho nilichokuja kuwaambia: pishi likiandikwa, anayeliandika ni mtu anayejua, anawaandikia wanaojua, na katikati anaacha wazi mambo makubwa kabisa. Auguste Escoffier, mpishi mkuu aliyepanga upya jikoni za hoteli za Ulaya, alitoa mwaka 1903 kitabu chenye maelfu ya mapishi, na mengi ni mistari michache tu. Hakuona haja ya zaidi. Aliwaandikia wapishi waliokwisha kufundwa kazi, wasisahau. Msikilize bibi yako naye akikuelekeza kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage: "Weka magadi ya kutosha, halafu upike mpaka ikubali." Ni kama wamekaa darasa moja, Escoffier na bibi yako. Kutosha ni kiasi gani? Ikikubali inafananaje?

Lakini Escoffier alikuwa na wanafunzi, wakawafundisha wanafunzi, na leo kuna vyuo vinavyoeleza kila alichokiacha. Alichokiacha bibi yako kinazikwa naye. Ndiyo maana siwakatazi kuiga mahoteli, tena nawasihi muige. Mkiiga vizuri mtajifunza kuuliza. Ukikaa saa nzima ukitafuta kwa nini viazi vya mtu wa Paris vimekukatalia, siku ukienda kwa shangazi Marangu utamuuliza maswali ambayo hukuwahi kumuuliza.

Historia nayo inasaidia, maana inatuondolea woga. Tunaviita viazi ulaya kwa sababu ya waliotuletea. Huko Ulaya navyo vilikuwa wageni, vimetoka milima ya Andes, Peru na Bolivia ya leo, ambako vimelimwa kwa maelfu ya miaka. Wafaransa waliviogopa, wengi waliamini vinaleta ukoma, wakawapa nguruwe. Aliyevitetea viazi ni mfamasia wa jeshi, Antoine Parmentier. Alitekwa na Waprusia katika Vita vya Miaka Saba, vilivyoanza 1756 na kuisha 1763, na huko kifungoni akalishwa viazi. Akaona yu mzima. Aliporudi akavitafiti na kuvipigia debe, na mwaka 1772 kitivo cha tiba cha Paris kikakubali kwamba viazi ni chakula salama. Kwa hiyo sahani ile ya nyota 3 ilianzia kwenye bakuli la mfungwa.

Na sisi je? Tukae na kiburu. Ndizi asili yake Kusini-mashariki mwa Asia na kisiwa cha New Guinea. Maharage asili yake Amerika, kama mahindi, ambayo jina lake linatuelekeza India wakati hayakutoka huko. Magadi ndiyo ya kwetu, ya bonde la Ziwa Natron na majirani zake. Kuna mzee mmoja alinikasirikia niliposema haya kwenye jumuiya, akaona kama nawanyang'anya Wachagga chakula chao. Mzee wangu, sijamnyang'anya mtu. Kunde ni ya Afrika, njugu mawe ni za Afrika, ulezi tunaochanganya na ndizi mbivu kwenye pombe yetu ya mbege ni wa Afrika. Lakini kiburu ni cha mlima huu kwa sababu ni hapa ndipo mtu aliviweka vitu hivi kwenye chungu kimoja akajua kipi kitangulie na kipi kifuate. Umiliki wa chakula uko kwenye ule ujuzi. Ujuzi ukipotea, ndizi na maharage vitabaki sokoni, na kiburu hakitakuwepo.

Siku ile nimeinama juu ya chujio, bega linauma, nilimkumbuka mama mkwe wangu. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mwaka 1987, alinipikia mtori miezi mitatu. Mifupa ilianza kuchemka alfajiri, kwa moto mdogo, na yeye amekaa hapo na kijiko akiondoa povu. Ndizi zilikuwa mshare, zilizokomaa lakini hazijaanza hata kubadilika rangi. Alijipaka mafuta mikononi, utomvu usishike, akamenya. Ndizi ziliivia ndani ya supu ile. Kisha alitoa nyama yote pembeni, akachukua kipekecho, akakizungusha kati ya viganja, kwenda na kurudi. Akisimama, anainua mti anaangalia mtori unavyoteremka. Ukiteremka kwa vipande anaendelea. Ukiteremka mfululizo kama uji mzito anaacha pale pale. Hapo ndipo anarudisha nyama aliyoichambua na siagi kidogo ya maziwa.

Miaka yote niliona kipekecho ni kifaa cha mtu asiye na umeme. Nimepika mtori kwa blenda tangu nilipoinunua, na kila mara ulikuwa na mvutiko usioupenda ulimi, nikadhani ndizi za siku hizi zimebadilika. Kumbe kipekecho kinaponda bila kukata. Nilichokihangaikia kwenye viazi vya Mfaransa, mama yule alikifanya mbele yangu miezi mitatu, nami nikanywa tu.

Mwezi uliopita nilipika upya nikiwa na mizani na daftari. Mshare kilo 2 zilipomenywa zilibaki kilo 1 na gramu 200. Nyama yenye mifupa kilo 1, maji lita 3, povu dakika 20 za mwanzo. Kipekecho dakika 12. Andikeni, lakini msiniamini. Pimeni kwenu, maana ndizi zenu si zangu na mwinuko wenu si wangu. Na msikubali kuambiwa kwamba kupima ni mambo ya kizungu. Kiswahili kina kibaba, kina pishi ambayo ni vibaba 4, na wazee walipimiana nafaka kwa hivyo muda mrefu kabla ya gramu kufika.

Namalizia na kinachoniumiza. Mama mkwe alifariki mwaka 2006, na mtori wake nimeupata, lakini kiburu chake sijakipata. Aliloweka magadi kwenye kibuyu, akaacha yatuame, akatumia maji ya juu tu. Magadi huyeyusha kile kinachoshikilia ganda la harage, ndiyo maana linaiva haraka. Yakizidi yanaua vitamini B1 na chakula kinanukia sabuni. Kwa hiyo kiasi ndicho kila kitu, na kiasi sikuuliza. Nimejaribu mara 9. Ya 4 ilikaribia. Ya 7 tuliimwaga.

Mama uliyekaa karibu na dirisha, nimeambiwa umetoka Uru na umepika kiburu cha harusi na cha msiba tangu ukiwa msichana. Shikamoo mama. Njoo hapa mbele, tafadhali, mpisheni. Magadi ni haya kwenye karatasi, na hii ni mizani. Usifikirie gramu wala usiniangalie mimi. Chota kama unavyochota siku zote kwa maharage ya sado moja, uweke hapa juu, nami nitasoma namba.