Osaka kwa mfuko mwembamba: feri ya bure kama yetu ya Likoni

Sikilizeni mlio huo kwanza. Hiyo ni injini ya boti. Niko Osaka, Japani, kwenye gati ndogo ya Tempozan, nangoja kuvuka. Tiketi sina, na hata ningetaka kununua, hapauzwi. Unakuja, unapanga foleni, unaingia.

Hamjambo nyumbani. Mamangu, masalkheri, najua unatazama kwa simu ya Fatma. Leo nimeamua kuwajibu wote mnaoniuliza swali lilelile: "Japani si ghali mno? Mtu wa kawaida atatembea vipi mji mkubwa kama huo?" Leo ni Jumamosi, nimeamka na yen zangu 2,000, na nimejiwekea sharti la kutovuka hapo. Kwa hesabu ya haraka, yen 100 ni kama shilingi 85 za Kenya.

Boti ndiyo hiyo, tupandeni.

Tazameni wenzangu humu ndani. Yule bibi na baiskeli yake ana kabichi kwenye kikapu. Wale vijana wawili wanatoka kazini, viatu vyao ni vya kiwandani. Magari hayaingii humu, ni watu na baiskeli tu. Mbele yetu ni kama mita 400 za maji, ndipo mto Aji unapomwagikia baharini. Dakika chache tu tumefika. Jiji la Osaka lina vivuko vinane vya namna hii, na vyote ni bure.

Mimi nimekulia Likoni. Kuvuka kwa miguu bila kulipa ni jambo nililozaliwa nikalikuta, kwa hiyo nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba Osaka nako kuna feri ya bure, moyo uliniruka. Nikauliza sababu. Mwaka 1920 sheria ya barabara ilianza kutumika, na kivuko kikahesabiwa kuwa sehemu ya barabara. Barabara ya mguu haina kiingilio, basi na boti haina. Miaka 100 na zaidi imepita na watu bado wanavuka hivyo hivyo.

Katika miaka ya 1930 vivuko vilikuwa 31. Madaraja yakajengwa, vingi vikafungwa. Hivi vinane vimebaki kwa sababu meli kubwa hupita chini, kwa hiyo daraja lazima liinuliwe juu sana. Sasa mwambie bibi wa kabichi apande daraja la urefu wa ghorofa kumi akisukuma baiskeli! Ukitaka kuliona hilo kwa macho, nenda kivuko cha Senbonmatsu, wilaya ya Taisho. Juu yako kuna daraja la mwaka 1973, zaidi ya mita 30 kutoka majini, na kila upande barabara inajizungusha kama konokono ndipo ipate kupanda. Ukilitazama kutoka angani ni kama miwani, na wenyeji wanaliita hivyo hivyo, Daraja la Miwani. Malori yananguruma huko juu, na wewe uko chini ndani ya boti, maji yanakupiga piga ubavuni. Nilivuka pale wiki iliyopita mara tatu, kwenda na kurudi na kwenda tena, kwa raha tu.

Haya, tumefika upande wa Sakurajima. Hapa ukitembea kidogo unafika Universal Studios, ambako kiingilio chake peke yake kingemeza mfuko wangu wa leo mara nne au zaidi. Sisemi ni pabaya, mwenye uwezo na watoto aende. Mimi nitangoja boti ya kurudi. Na sikilizeni hili: reli ya upande huu ni ya JR, kampuni nyingine ya treni, na kadi yangu ya leo haiingii huko. Ndiyo maana narudi kwa maji.

Kadi yenyewe ni hii. Inaitwa Enjoy Eco Card. Mimi nimelipa yen 620 kwa sababu ni wikendi, siku za kazi ni 820. Unaipata kwenye mashine za tiketi za Osaka Metro, stesheni yoyote, na unapanda treni za chini ya ardhi na mabasi ya jiji siku nzima. Safari moja fupi ya treni ni yen 190, kwa hiyo ukipanda mara nne tu kadi imejilipa.

Na siri yangu ya leo ni laini moja tu, laini ya Chuo, ile ya kijani kwenye ramani. Asubuhi nilishuka Tanimachi 4-chome nikaenda kwenye ngome ya Osaka. Bustani yake ni bure, mahandaki ya maji ni bure, kuta za mawe ni bure. Mnara wenyewe una kiingilio, na nawaambia ukweli, sikupanda wala sikujuta. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa kivita wa enzi hizo, alianza kujenga ngome hapa mwaka 1583, lakini mnara mnaouona kwenye picha ni wa zege, wa mwaka 1931, na ndani una lifti. Watu wa Osaka wenyewe ndio waliouchangia. Kilichonisimamisha mimi ni jiwe. Ukiingia lango la Sakuramon, mbele yako kuna jiwe moja linaloitwa Takoishi, yaani jiwe la pweza, kwa sababu lina doa kwenye kona linalofanana na pweza. Linakadiriwa kuwa na uzito wa tani 108. Liliwekwa pale miaka ya 1620, na lilitoka mbali, likaja kwa maji. Nililigusa kwa kiganja changu. Lilikuwa baridi.

Kutoka hapo, laini ileile mpaka Kujo, ukatembea kidogo kufika mto Aji. Pale hakuna daraja wala boti. Kuna lifti. Unaingia na baiskeli yako, unashuka chini ya mto, unatembea kama mita 80 ndani ya njia nyembamba yenye taa, unapanda lifti ya pili, umevuka. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1944, wakati wa vita, na watu wanapita mpaka leo bila senti moja. Watalii hawaijui. Nilikutana na mwanafunzi na sare yake akanipungia mkono, nadhani kwa sababu ya kamera.

Sasa tumerudi Tempozan, na siwezi kuondoka bila kuwapandisha mlima. Ndiyo, mlima! Tempozan ni mlima, umeandikwa kwenye ramani rasmi ya Japani, na kimo chake ni mita 4.53. Ni udongo uliozolewa mtoni mwaka 1831 ili meli zipite, ukarundikwa hapa. Zamani ulikuwa karibu mita 20, halafu udongo wake ukachukuliwa kujengea ngome ya mizinga, na baadaye ardhi ikadidimia kwa sababu viwanda vilivuta maji mengi ya chini. Kwa miaka mingi ulijulikana kama mlima mfupi kuliko yote Japani, mpaka kilima cha Hiyori kule Sendai kilipoliwa na tsunami ya 2011 na kubaki mita 3. Ukijua hilo, hata hatua hizi chache unazipanda kwa adabu.

Chakula. Mchana nilikula udon, yaani tambi nene za ngano, kwenye kibanda cha kusimama, bakuli la moto lenye kipande cha tofu tamu ya kukaanga juu, yen 400. Unakula wima, unarudisha bakuli, unasema gochisosama, yaani nimeshiba, ahsante. Halafu takoyaki. Watu wa Pwani, hiki ni chakula chenu: donge la unga wa majimaji, ndani yake kipande cha pweza, linageuzwa geuzwa kwenye kikaango chenye mashimo kama ya vitumbua. Kweli, kama vitumbua kabisa! Sita kwa yen 500. Usilitie mdomoni zima, ndani ni ujiuji wa moto utakaokuunguza ulimi. Ndugu zangu Waislamu, kule mtaa wa Shinsekai mtaona vijiti vya nyama na mboga za kukaanga viitwavyo kushikatsu. Hata ukiagiza vya kitunguu au kamba, mafuta ni yaleyale yanayokaanga nguruwe. Ulizeni kwanza, au mpite.

Usiku nendeni supamaketi, msiende dukani barabarani. Ikikaribia saa mbili, mfanyakazi anapita na vibandiko. Kibandiko kinachosomwa hangaku maana yake nusu bei. Bento, yaani boksi la chakula, ya samaki na wali iliyokuwa yen 500 unaipata kwa 250, na ni ya leo leo.

Malazi sitayasema kwa haraka. Vyumba vya bei ya chini kabisa viko karibu na stesheni ya Shin-Imamiya, wilaya ya Nishinari. Mtaa ule ulikuwa wa vibarua waliokuja kutoka kila pembe ya nchi, wakajenga barabara na majengo ya Osaka, pamoja na maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Wengi wamezeeka sasa, wako hapo hapo, wengine wanalala nje. Vyumba vyao vidogo vya ukubwa wa mikeka mitatu ndivyo vinavyolaza wageni leo. Lala pale, ni salama na wenyeji wana heshima. Lakini nakuomba, kamera yako iweke mfukoni. Mzee aliyekaa barazani si kivutio cha utalii. Mimi nikipita nainamisha kichwa, nawaambia konnichiwa, wanaitikia.

Sasa ni usiku, niko Dotonbori, na kelele hizo mnazisikia. Yule mkimbiaji wa taa aliyeinua mikono ni tangazo la Glico, kampuni ya peremende. La kwanza liliwekwa mwaka 1935, hili ni la sita, la mwaka 2014. Mfereji huu ni mzee kuliko taa zote, ulikamilika mwaka 1615, na umepewa jina la mtu aitwaye Doton aliyeanza kuuchimba. Yeye mwenyewe alifia vitani mwaka huohuo. Kupiga picha darajani ni bure, kama mnavyoona umati.

Nimekaa ngazini kando ya maji na bento yangu. Kadi 620, udon 400, takoyaki 500, bento 250, onigiri ya asubuhi, yaani donge la wali, 150. Ni yen 1,920, na themanini zimebaki. Fatma, mwonyeshe mama hapa: samaki ni yule Wajapani wanayemwita "saba", jamii ya vibua, amechomwa kwa chumvi tu, na mwiba ameachiwa.