Ndoano 156 katika Sanduku Moja: Mhadhara juu ya Kubadilishana Vyambo vya Manyoya

Wazee wetu, akina mama, ndugu zangu wa Bukavu, na nyinyi mliovuka ziwa jana kutoka Goma, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nieleze jinsi kundi la mafundi linavyoweza kubadilishana vyambo vya manyoya, yaani ndoano zilizofungwa manyoya na uzi ili kumvutia samaki, lililovifunga kwa mikono yake, na hasa vyambo vya samaki aitwaye stilihedi, ambaye wengi wenu hamjawahi kumwona na ambaye katika Ziwa Kivu hayupo. Kuna aliyeniuliza mlangoni kwa nini nisizungumze juu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Sambaza huvuliwa usiku, kwa taa na wavu, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti, na katika kazi hiyo wavuvi wetu hawahitaji mwalimu kama mimi. Chambo cha manyoya ni ufundi wa kuuzwa mbali. Huko Kenya, mafundi ambao hawajawahi kukanyaga ukingo wa mto wa Oregon, jimbo la Marekani, hufunga kwa wingi vyambo vinavyouzwa Marekani na Ulaya, wala sioni kwa nini mikono iliyozoea kushona na kusuka hapa Kadutu ishindwe.

Kabla ya kumfungia samaki chambo, ni lazima kujua anaishi vipi. Stilihedi ni trauti, samaki wa maji baridi, yule yule aliyeletwa zamani katika mito ya milima ya Kenya, ila huyu huzaliwa mtoni, hushuka baharini akakua huko kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha hurudi mtoni kutaga. Makazi yake ya asili ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, kutoka California hadi Alaska, na upande wa pili Kamchatka, huko Urusi. Tofauti na jamaa zake wengi wa Pasifiki, ambao hutaga mara moja wakafa, yeye anaweza kurudi baharini na kupanda mto tena. Akiwa safarini kwenda kutaga hula kidogo sana. Kwa hiyo chambo chake mara nyingi hakiigi mdudu yeyote. Kazi yake ni kumchokoza. Ndiyo maana mtaona rangi ya chungwa, zambarau na nyeusi iliyokoza, na manyoya marefu yanayotikisika majini.

Sasa niingie katika kubadilishana kwenyewe. Sisi tunaijua likirimba: kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na mfuko mzima humwendea mmoja kwa zamu. Hapa kila mtu hutoa, na wote hupokea siku moja. Mkiwa 12, kila mmoja hufunga aina moja tu ya chambo mara 12, huvipeleka kwa mtunza sanduku, naye huvipanga upya ili kila mmoja arudishiwe vyambo 12 vya aina 12 tofauti, kimojawapo kikiwa chake mwenyewe. Mimi ninapendekeza mfunge 13, na sababu yake nitaitaja baadaye. Jumla itakuwa ndoano 156.

Nimeshiriki katika mabadilishano ya namna hii kwa miaka niliyoishi Oregon, na yaliyoharibika mbele ya macho yangu hayakuharibiwa na mikono mibovu. Yaliharibiwa na mambo ambayo hayakusemwa siku ya kwanza. Mara yangu ya kwanza tulikuwa wachache, tarehe ya mwisho ilitajwa kwa mdomo tu, na mwenzetu mmoja akachelewa. Mtunza sanduku, mtu mpole kupita kiasi, alimngoja miezi minne. Sanduku lilipofika kwangu msimu ulikuwa umekwisha, na katika vyambo vya mchelewaji, ndoano mbili zilikuwa na kutu. Tangu hapo nasema wazi: asiyeleta kwa tarehe iliyoandikwa, wenzake wanaendelea bila yeye, na vyake vikija vinarudishwa kwake. Likirimba yenye huruma kwa mchelewaji mmoja huwaumiza kumi na mmoja.

Kwa hiyo mchagueni mtunza sanduku kabla ya kuchagua rangi ya uzi. Asiwe lazima fundi bora. Awe mtu anayejua kuhesabu, kuandika na kukataa. Yeye ndiye anayeandika ni nani anafunga chambo gani, ili watatu wasilete kitu kile kile, na ndiye anayetangaza saizi ya ndoano. Hapo pana mtego kwa anayeanza: namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo. Vyambo vingi vya stilihedi hufungwa kwenye namba 2 hadi 8, na kwa zoezi hili natosheka na namba 4 kwa wote, kwani mkianza kuchanganya saizi hamtaweza kulinganisha kazi ya mmoja na ya mwingine. Pia atangaze msimu. Vyambo vya baridi huwa vikubwa, vizito na vyenye rangi kali, kwa sababu maji huwa yamejaa na samaki hukaa chini. Vya kiangazi huwa vidogo na vyepesi zaidi. Kundi lisilochagua msimu hupata sanduku lenye kila kitu na lisilofundisha kitu.

Jambo moja la kisheria nalisema kwa uzito. Manyoya yatoke kwa ndege wa kufugwa. Kasuku wetu wa kijivu, ambaye mkia wake mwekundu ungemtamanisha fundi yeyote, aliwekwa mwaka 2016 katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa imekatazwa kwa walio porini. Marekani nayo ina sheria ya mwaka 1918 inayokataza hata kumiliki manyoya ya ndege wengi wa porini. Tamaa ya manyoya adimu si hadithi: mwaka 2009, ngozi 299 za ndege ziliibwa katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, na baadhi zikauzwa kwa wafungaji wa vyambo vya samoni. Nyinyi mna jogoo wa kienyeji, mna sungura. Hata yale manyoya laini yanayopendwa sana, yaitwayo marabu, yaliitwa hivyo kwa sababu zamani yalitoka kwa korongo marabu, yule ndege wetu mwenye upara anayesimama majalalani. Leo hutoka kwa bata mzinga, na samaki hajalalamika. Yaosheni kwa sabuni na kuyakausha vizuri, kwani wadudu wakiingia katika sanduku moja wamewaingilia watu 12.

Kichwa cha chambo kizibwe kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, ile inayouzwa sokoni. Kile kijino cha ndoano kinachozuia samaki asichomoke kibonyezwe kwa koleo. Katika mito mingi ya stilihedi kijino hakiruhusiwi, kwa kuwa samaki wa asili lazima arudishwe majini. Wa kufugwa hutambulikana kwa pezi dogo la mgongoni lililokatwa. Mnunuzi wa huko ataangalia kijino cha ndoano kabla hajaangalia rangi.

Kila chambo kifungiwe kikaratasi kwenye tundu la ndoano, chenye jina la mfungaji, jina la chambo na saizi. Karatasi nyingine, moja kwa kila aina, ieleze vilivyotumika kwa mpangilio wa kufungwa: uzi, mkia, mwili, mzunguko wa waya, bawa, shingo. Chukueni mfano wa Green Butt Skunk: mkia mwekundu, kipande cha kijani kinachong'aa nyuma, mwili mweusi uliozungushiwa uzi wa fedha, shingo nyeusi, bawa jeupe. Fundi akiandika tu "cheusi chenye kijani", aliye Goma hawezi kukirudia. Vyambo vichomekwe kwenye sponji, kifuniko kifungwe kwa kamba, na sanduku la Goma lipelekwe kwa boti na mtu anayejulikana, naye aliweke mapajani, mbali na magunia.

Kuhusu kile cha 13: mtunza sanduku atakibakiza. Siku ya kugawana, mbele ya wote, atakikata kwa wembe na kukifumua uzi mmoja baada ya mwingine, kutoka kichwani kurudi nyuma, huku aliyekifunga akiwa kimya. Hapo ndipo mtaona ni nani alizungusha uzi mara ishirini mahali pa kuzungusha mara tano, na ni nani aliacha bawa bila kulishika. Aliyekifunga ataruhusiwa kusema baada ya uzi wa mwisho kutoka, na ndoano yake atarudishiwa, iko tupu, ili aifunge upya papo hapo.